Bafu Moja, Korido Nzima

Valentine alimtumia mamake picha za meli mbili kwenye simu na kumwambia achague. Kavetsa akazikuza kwa vidole viwili, akazigeuza huku na huku jinsi anavyogeuza nyanya sokoni alfajiri kabla ya kulipa, kisha akauliza swali moja tu.

"Wewe utakuwa kwa gani?"

Msimcheke. Huyo Valentine ni binti yake kitinda mimba, na kazi yake ni kutandika vitanda kwenye meli za kitalii. Anakaa baharini miezi tisa, anarudi nyumbani wiki tatu, na hizo wiki tatu zenyewe humezwa na foleni za visa na vipimo vya daktari. Mwaka huo alikuwa ametimiza miaka mitano kazini, na kampuni yao humpa mtu wa miaka mitano nafasi nne za bure za kupeleka jamaa zake matembezi: siku nne, kutoka Mombasa hadi Pemba na Unguja na kurudi. Wa kwenda walijulikana. Kavetsa mwenyewe, Joan, binti yake mkubwa anayekaa Kambi Muru kule Kibera, Austin Wekulo, mumewe Joan, fundi wa viti, na mtoto wao Musimbi, wa miaka sita. Kilichobaki ilikuwa ni meli. Kubwa mpya, au ndogo ya zamani.

"Kwa hiyo kubwa nitakuwa job," Valentine akasema. "Na staff haruhusiwi kukaa na wageni, hata kama mgeni ni mamake. Utaniona tu nikipita kwa korido na toroli ya mashuka. Hiyo ndogo nitachukua likizo, nikule na nyinyi, nilale na wewe chumba moja. Lakini ni mzee, Mama. Nisikudanganye."

"Mzee kiasi gani?"

"Ilitengenezwa ukiwa darasa la pili."

Kavetsa anauza mboga Kawangware, na kwa wiki nzima kila mnunuzi akawa mshauri. Yeye alikata sukuma, wao wakamkatia safari. Meli kubwa ina ghorofa kumi na sita. Ina sinema. Ina bwawa la kuogelea huko juu kabisa, maji juu ya maji. Mwalimu mmoja wa Riruta akamwambia bila kupepesa macho kwamba mtu kupewa cha bure halafu akachagua kile kilichochoka ni kukataa baraka. Na katika wote hao waliokuwa wakimpangia, hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga chombo cha majini, hata mtumbwi. Watu wana ujasiri, nakwambia.

"Siendi kuona sinema," Kavetsa alimjibu mwalimu akimfungia mboga. "Naenda kuona mtoto wangu."

Hilo ndilo alilolitaka, na hakumficha mtu. Tangu Valentine aingie kazi ya meli, miaka mitano sasa, Kavetsa hajawahi kuwa na watu wake wote mahali pamoja. Krismasi Joan yupo, Valentine hayupo. Pasaka Valentine anapiga simu kutoka bandari ambayo hata jina lake halishikiki mdomoni. Siku nne za watu wake wote, mahali ambapo hakuna anayeweza kuchukua mkoba na kwenda zake, kwake zilizidi ghorofa kumi na sita na sinema yake. Akampigia Valentine simu. "Andika ndogo," akasema, na Valentine akaandika.

Hapo ndipo alipokosea. Hakukosea kwa kuchagua ndogo, alikosea kwa kuchagua kabla ya kuuliza watu wanalala vipi humo.

Jumatano Joan alikuja kutoka Kibera na ramani ya meli kwenye simu yake, amefurahi, amesuka nywele za safari kabla ya wakati. Akamwonyesha mamake. Hii ni korido, ni moja tu. Hivi ni vyumba, huku na huku. Chumba cha kumi na nne ni cha Mama na Valentine. Cha kumi na tano ni cha Joan na Austin na Musimbi.

"Kumi na nne na kumi na tano vinafuatana?"

"Vinafuatana, Mama. Kuna ukuta wa mbao hapo katikati."

"Na kula?"

"Kuna meza moja refu. Watu wa familia wanawekwa pamoja."

"Na hii alama hapa mwisho?"

"Hiyo ni bafu. Vyumba zao hazina bafu ndani, ni meli ya kitambo. Lakini iko na maji moto."

Maji moto! Kama kwamba kuna aliyeuliza habari ya maji moto. Kavetsa aliweka kisu chini.

Kwa asiyetoka magharibi mwa Kenya, acha nieleze, maana bila hivyo mtadhani mama huyu ana kichaa. Kwao mama mkwe na mume wa bintiye hawapeani mkono. Hawali meza moja. Hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani mmoja hupisha, macho chini. Ama kukutana koridoni mmoja amejifunga taulo, hilo halisemwi hata kwa mfano. Nairobi wengi wamelegeza, kwa sababu chumba kimoja cha mabati kitamsitiri nani? Wapo wanaotenganishwa na pazia tu na maisha yanaendelea. Kavetsa hakulegeza. Austin naye hakulegeza, na kwa hilo alikuwa na sifa kutoka Kambi Muru hadi kwa jamaa zake Bungoma. Miaka minane ya ndoa, na mama mkwe hajawahi kuingia kwake. Akija kumwona Musimbi huketi barazani kwa Bi Bakhita, mama mwenye ploti wanapopanga, na Joan humletea mtoto huko. Austin akiwa na neno la kumwambia, analituma kwa Joan. Kavetsa akiwa na jibu, analirudisha kwa njia hiyo hiyo.

"Mama, hii ni Nairobi," Joan alisema.

"Meli iko Nairobi?"

Joan akaifunga ile ramani, kwa sababu meli haikuwa Nairobi.

Jioni hiyo Valentine akapiga simu. Alikuwa ameshaambiwa na dadake. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuumiza mamake zaidi. Alisema tu kwamba mwisho wa kubadilisha ni Ijumaa jioni. Kwenye ile kubwa Austin anaweza kupewa chumba ghorofa ya nne na Mama ghorofa ya kumi, wasionane hadi safari iishe. Vyumba vya huko vina bafu ndani. "Mimi utaniona asubuhi nikikuja kutandika," akasema. "Nitaomba nipewe hiyo floor yako."

Kavetsa aliliwaza hilo usiku kucha, au karibu kucha. Alifanya kazi ya nyumba Lavington miaka kumi na tisa kabla ya kuanza mboga. Anajua kutandika kitanda cha mtu huku mwenye kitanda amesimama hapo akingoja umalize. Ati sasa mwenye kitanda awe yeye, na anayetandika awe Valentine, tena wasiketi pamoja hata kwa kikombe cha chai. Aliona afadhali abaki Kawangware. Lakini akibaki Kawangware, hizo siku nne zinakwenda na hazirudi. Alijaribu kuomba, maombi yenyewe yakawa ni mabishano.

Alhamisi Joan akapiga simu, sauti imelegea. Austin amesema hataenda. Amepata oda ya viti vya kanisa, mia moja, na vinatakiwa wiki ile ile ya safari. Kwa hivyo Mama asiwe na wasiwasi, meli ndogo ibaki vile vile, watakwenda wao wanawake.

"Kanisa gani?" Kavetsa akauliza.

"Hakusema."

Basi, jambo lilikuwa limeisha. Angelala chumba kimoja na Valentine, angekula meza moja na watu wake, na bafu lingekuwa la wanawake na wageni wasiomjua. Kavetsa alifurahi. Alifurahi hadi alipomaliza kufunga kibanda, na alipofika nyumbani furaha ilikuwa imekwisha na hakujua imeangukia wapi. Mkwe wake alikuwa amefanya jambo la heshima, jambo ambalo wazee wangelisifu. Mbona basi halikumpendeza?

Ijumaa asubuhi alimwachia jirani kibanda, akaenda Kambi Muru na mfuko wa mboga za managu. Joan alikuwa kazini na Musimbi shuleni, na alilijua hilo kabla hajatoka kwake. Akaketi barazani kwa Bi Bakhita kama kawaida. Bi Bakhita ni Mnubi, na nyumba hiyo ilikuwa ya babake kabla yake. Ni mtu wa kusema analoliona, na alikuwa ameona mengi kutoka kwenye baraza hiyo.

"Oda gani ya kanisa?" Bi Bakhita alishangaa. "Kibanda chake kina kochi moja wiki ya pili sasa, na mwenye kochi hajarudi. Huyo kijana amenunua kaptula ya kuogelea pale soko la Toi, ya buluu. Amenijia hapa mara tatu, kwa vile nilikaa Mombasa kwa dada yangu, ananiuliza kama maji ya bahari yanawasha macho. Mtu mzima. Jana nikamuuliza kaptula iko wapi, akasema ameirudisha."

Kavetsa aliuvuta mfuko wa managu karibu na miguu yake.

"Nikwambie ukweli, dada?" Bi Bakhita akaendelea, akimmiminia chai. "Hii heshima yenu mimi naipenda. Sisi pia tuna yetu. Lakini miaka minane nawaangalia hapa. Heshima huwa inalegea kidogo, mtu anacheka, anatuma salamu. Nyinyi mnaishika kwa nguvu sana. Mnaishika kama watu waliokosana."

Kavetsa aliweka kikombe chini.

Kwa sababu walikuwa wamekosana. Na aliyekosa ni yeye.

Siku Austin alipokuja na wazee wake kujitambulisha, wanaume waliketi nje, Kavetsa alikuwa ndani na wanawake, mlangoni kuna pazia. Mmoja wa wanawake akauliza kijana anafanya kazi gani. Kavetsa alikuwa na ndoto zake kwa Joan, na ndoto hizo zilikuwa na mtu wa ofisi, mtu wa tai. Akajibu, tena kwa sauti: "Anapigilia misumari kwa viti vya watu. Huyo mtoto wangu atalala njaa akiangalia nyundo." Wanawake wakacheka. Nje, upande wa pili wa pazia, vijiko vikanyamaza. Alijua amesikika. Joan alilia jikoni siku hiyo, na Kavetsa akajiambia kwamba atatafuta siku amwombe kijana msamaha.

Kisha wakaoana, na ikawa mkwe haongeleshwi. Ee, raha iliyoje. Hakuna aliyemwuliza, hakuna aliyemlaumu, na kadiri alivyomkwepa kijana ndivyo alivyosifiwa kwamba huyu ni mama anayejua mila. Mila ilimpa mahali pa kujificha, naye akahamia humo na vyombo vyake vyote. Joan hajalala njaa hata siku moja. Hilo pia Kavetsa alikuwa amelijua kwa muda mrefu na kulinyamazia.

Alisimama. Hakumwambia Bi Bakhita anakwenda wapi, na Bi Bakhita, kwa mara moja maishani mwake, hakuuliza.

Kibanda cha Austin kiko hatua chache kutoka reli: nguzo nne, mabati juu, kuta hakuna. Si nyumba, Kavetsa alijiambia njiani. Hata hivyo alipofika alisimama nje, juani, asikanyage kivuli cha hayo mabati. Austin alikuwa amepiga magoti akivuta kitambaa kwenye mgongo wa lile kochi moja. Aliona viatu, akainua macho, akamtambua, na mara moja akageuza uso upande wa reli kama anavyotakiwa. Kavetsa naye akageuza wake upande wa barabara. Mpita njia angedhani ni watu wawili wasiojuana, kila mmoja anamsubiri mtu wake.

"Austin," akaita. Hakuwa amewahi kulitamka jina hilo mbele yake.

"Mama."

"Hiyo oda ya kanisa ni uwongo."

"Ni uwongo, Mama."

"Siku ile mlikuja kwangu na wazee. Nilisema neno nikiwa ndani. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Nilijua umesikia. Nikakaa miaka nane nikisema mkwe haongeleshwi. Haikuwa mila. Niliona aibu, nikajificha. Ile kitu nilisema ilikuwa mbaya, tena haikuwa kweli. Naomba unisamehe."

Akangoja. Alitegemea aambiwe yameisha, Mama, usijali. Vijana hujibu hivyo, halafu mtu anarudi kwake mwepesi. Austin hakujibu hivyo. Alipangusa mikono kwenye suruali, polepole, mkono mmoja baada ya mwingine.

"Mama, na mimi nikuambie yangu. Watu hapa wananisifu. Ati Wekulo anaheshimu mama mkwe wake, akimwona kona hii anapitia ile. Si heshima. Ni hasira." Sauti yake ilikuwa chini. "Mwaka ule wa mvua kubwa ulianguka Kawangware pale stage ya matatu, na gunia la mboga. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimeleta viti vya mteja. Nilikuona ukienda chini. Ningetuma mtu. Mila haikatazi mtu kutuma mtu. Nikageuka nikaenda zangu. Nikajiambia ni mila."

Kavetsa aliikumbuka siku hiyo vizuri. Alikaa kwenye matope muda mrefu, watu wakipita, kabla mwanamume wa kusukuma mkokoteni hajamwinua. Mkono wake wa kushoto ulifungwa plasta wiki sita. Joan alikuja kumfulia kila Jumamosi wiki hizo sita, na Austin ndiye aliyekuwa akimtuma, tena na unga na mafuta. Sasa ndipo alipojua ni kwa nini.

Hasira ilimpanda, ya kweli. Alikuwa amekuja hapa na kosa moja mkononi, lake, na sasa yalikuwa mawili, na la pili lilikuwa zito kuliko alivyojiandaa kubeba. Alitaka kuondoka. Alipiga hatua moja, akasimama. Akiondoka sasa watarudi kule kule, kila mtu upande wake wa barabara, na watu wataendelea kuwasifu.

"Hiyo," akasema, "leo siwezi kukusamehe. Nisikudanganye. Labda kesho. Labda tukiwa huko."

"Huko wapi, Mama?"

"Kwa meli."

"Mama, mimi nimesema siendi. Hiyo meli ni ndogo. Bafu ni moja."

"Najua bafu ni moja. Ukienda bafu utakohoa. Ukiwa ndani, kohoa. Ukitoka, kohoa. Mimi nikisikia nitabaki chumbani hadi upite. Na mimi nikienda, nitakohoa, wewe ubaki."

"Wageni watadhani tuna TB."

Kavetsa alicheka kabla hajajizuia, kicheko kifupi kilichotoka puani, na upande wa pili akasikia cha Austin. Halafu wote wawili wakaacha ghafla, kwa sababu walikuwa hawajazoea.

"Na kula?" Austin akauliza.

"Meza ni refu. Nitakaa mwisho huu, utakaa ule. Na usiku nitalala huko nje juu, kwa viti vya kupumzikia. Valentine anasema watu wanaruhusiwa. Hapo hakuna paa."

"Kukinyesha?"

"Kukinyesha tutajua kukinyesha."

Alitoa simu kwenye mkoba na kumpigia Valentine. Ilikuwa saa saba na nusu, na jioni ilikuwa mbali, lakini hakutaka kujipa nafasi ya kubadilisha nia. Valentine alishika mara moja, kama mtu aliyekuwa amekaa juu ya simu.

"Usibadilishe kitu," Kavetsa akamwambia. "Wacha ile ndogo, na vyumba vikae vile vile."

"Na Austin? Joan amesema haendi."

"Anaenda. Niko naye hapa."

"Uko naye wapi?" Valentine akauliza. "Mama, unaongea na Austin?"

Kavetsa alikuwa amegeuza uso, bila kuamua, akamtazama mkwe wake. Austin naye alikuwa amesahau kuangalia reli. Kwa miaka minane Kavetsa alikuwa na picha ya kijana mwembamba aliyemwona mara moja kupitia pazia, na ndiye huyo aliyekuwa akimkwepa muda wote. Aliyesimama mbele yake ni mtu wa makamo, mchovu machoni, na ndevu zake zilikuwa zimeanza kuwa na mvi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kijana yule hayupo tena.